Raundi ya Mgeni

Kwenye skrini, mlango wa tatu wa ngome ulikuwa wazi, na Mwajabu Singano, mlinzi wake, alikuwa amesimama kando kama bawabu wa harusini. Wachezaji watano wa Asia Mashariki wakampita mmoja mmoja, wakapanda ngazi, wakakalia kiti cha enzi. Kengele ikalia. Raundi ya kwanza imekwenda kwa wageni.

Katika ukumbi wa mazoezi wa Morogoro, vijana wa Kanda ya Afrika Mashariki walipiga makofi kwa moyo mweupe. Ndayizeye, mpiga mishale wao kutoka Bujumbura, aliinuka na kuwapungia wageni mkono ng'ambo ya meza.

"Karibuni sana," alisema. "Sasa tucheze."

Wakacheza. Raundi ya pili wageni waliondolewa hata kabla hawajavuka daraja. Ya tatu waliifia mlangoni. Ilikuwa mechi ya kujipima nguvu, isiyo na kombe wala kiingilio, ya kuzoeana tu kabla ya fainali ya Jumapili. Watu walishikana mikono, chai ikaletwa, na vikombe vilipokuwa vinakusanywa nahodha wa wageni, Baek Min-ho, alikuwa bado ameketi mahali pake.

Alikuwa mtu wa miaka thelathini na moja, umri ambao katika kazi hiyo ni uzee. Vifundo vyake vya mikono vilikuwa na bandeji, na kila mtu alijua kwamba baada ya Jumapili hatacheza tena. Alirekebisha kifaa cha kutafsiri sikioni, akamwita Mwajabu kwa adabu.

"Nahodha Singano. Ile raundi ya kwanza. Ulikuwa mlangoni, nilikuona. Kwa nini hukufunga?"

Mwajabu akacheka. "Ile ni raundi ya mgeni, kaka. Kwetu mtu akija kucheza nawe, ya kwanza humfungi. Unamwachia, atulie, ajisikie yuko nyumbani. Baada ya hapo ndipo mnacheza."

"Mwaka huu tumejipima nanyi mara nyingi."

"Na bado ni wageni."

"Mmetuachia zote?"

"Si ninyi tu. Kila anayekuja. Mechi ya kombe hapana, ile si ugeni. Lakini mazoezini, ndiyo, zote."

Baek aliinamisha kichwa kidogo, kama anayeipima sentensi hiyo kwa uzito. "Kwetu," alisema, "kumwachia mtu ashinde ni kumwambia kwamba humhesabu kuwa mtu."

"Na kwetu, kumfunga mgeni hajaketi ni kumwambia arudi alikotoka."

Wakatazamana, kila mmoja akiwa na hakika na adabu za kwao. Kisha Baek akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia tu: "Mizani inalijua hilo?"

Kicheko kikamwisha Mwajabu usoni.

Kila mchezaji wa Ligi ya Dunia huvaa bangili ambayo husoma amri ya neva kabla kidole hakijainuka, na kuipeleka kwenye seva. Huko ndiko Mizani ilipo. Zamani, kabla haijatungwa, kanda tatu zilichukua kila kombe, na nyingine zilikwenda kwenye fainali za dunia kusindikiza. Mashabiki wakachoka, kumbi zikabaki tupu. Shirikisho likapata dawa: kila kanda ipimwe, na katika mechi za kombe, nzito ikikutana na nyepesi, amri za nzito zishikwe njiani kwa milisekunde zinazolingana na tofauti yao. Mtazamaji haoni kitu. Mchezaji huhisi kama anakimbia kwenye tope la magotini. Tangu hapo mabingwa walitoka kila pembe ya dunia, na kila bingwa wa kusini alizomewa kwa namna yake. Mashabiki wa Afrika Mashariki walikuwa na neno lao tayari, walilolileta kutoka viwanja vya mpira. Mbeleko. Timu iliyobebwa.

Katika mechi za kujipima, Mizani haimshiki mtu mkono. Inatazama tu na kujifunza. Na raundi inayoithamini kuliko zote ni ya kwanza, kwa hoja kwamba hapo hakuna aliyekwisha kuzisoma mbinu za mwenzake, kwa hiyo uwezo unaonekana mtupu.

Mwajabu aliijua hoja hiyo. Alikuwa na shahada ya takwimu, na mwaka uliopita alikuwa ameisifu mbele ya wenzake kwamba ni hoja safi.

Baek aliinuka. "Jumapili nitacheza nikiwa na milisekunde ishirini na mbili mkononi," alisema. "Nimezoea, si lalamiko. Ila ningependa ziwe za kweli."

*

Kocha Obwaka alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukata chapati yake vipande vidogo vidogo. Alitoka Kakamega, mkongwe wa enzi ambazo seva zote zilikuwa Ulaya, na mchezaji wa Afrika aliingia uwanjani akiwa amechelewa kwa robo ya sekunde hata kabla hajagusa kitufe.

"Umehesabu?" aliuliza.

"Kidogo. Mechi zote za mwaka dhidi ya kanda kubwa. Raundi za kwanza tumefungwa zote. Zilizobaki ni nusu kwa nusu, labda tumezidi kidogo. Kocha, Mizani inadhani sisi ni watu wanaoanza vibaya kuliko timu yoyote duniani. Ndiyo sababu ya zile ishirini na mbili."

"Na ukiziondoa hizo raundi?"

"Nadhani milisekunde zingeshuka sana. Tano. Pengine sifuri."

"Wacha nikuulize. Sheria ya kuficha uwezo inasema nini?"

Ndayizeye, aliyekuwa mwisho wa meza na kikombe chake, alimtangulia Mwajabu kujibu: "Kufungiwa mwaka. Na kunyang'anywa kombe."

"Basi," Obwaka akasema. "Fainali ni keshokutwa. Watu wamefunga safari kutoka Goma, kutoka Lamu, wengine wako njiani sasa hivi. Wewe unataka kwenda kwa mkaguzi ukajishtaki mwenyewe, kosa ambalo hakuna aliyekushtakia. Kwani ni nani amekuroga?"

"Hatukuficha kitu, Kocha."

"Ndio nasema! Hatukuficha. Tulikuwa na adabu. Mashine yao haijui adabu, hilo ni shida ya mashine." Akasukuma sahani. "Mimi nilicheza miaka minane, Mwajabu. Nilikuwa nakufa kabla sijamuona aliyeniua. Robo sekunde! Hakuna mzungu wala mkorea aliyekuja kuniambia, Obwaka, ngoja nikupunguzie. Walisema Waafrika hawana vidole. Leo tumepewa milisekunde chache, wewe unataka kuzirudisha na pole juu?"

Hoja ilikuwa nzito, na Mwajabu hakujifanya haioni. Aliigeuza kichwani upande huu na upande ule.

"Kama wangesema hiyo ni fidia ya miaka ile," alisema hatimaye, "ningeipokea mchana kweupe na kutia sahihi. Tunawadai hawa, ni kweli. Lakini hawasemi hivyo. Ile namba inasema sisi ni dhaifu, na inasema kwa kiasi gani. Na kiasi hicho ni uongo. Sisi ndio tuliowapa huo uongo, hata kama tuliwapa pamoja na chai."

"Uongo unaokusaidia ni nini? Ni bahati."

"Mpaka jana ilikuwa bahati. Leo najua."

Ndayizeye alikohoa. "Kocha, niseme neno?"

"Sema, na wewe ni wa kwake tu, najua."

"Nusu fainali nilipiga mshale ule wa darajani. Sijawahi kupiga vile maishani, na sidhani kama nitapiga tena. Jioni nikafungua simu, mtu ameniandikia: hongera sana, Mizani." Alitabasamu bila furaha. "Sikuwa na la kumjibu. Mimi mwenyewe sijui. Mshale ulikuwa wangu au ulikuwa wake? Dada, kama kuna njia ya kujua, mimi nataka kujua."

Obwaka aliwatazama wote wawili. Kisha akafuta mikono kwa utaratibu, kidole baada ya kidole.

"Wewe ndiye nahodha, sahihi ni yako," alimwambia Mwajabu. "Nenda. Lakini usimwambie yule mama mkaguzi kwamba Kocha amekubali. Kocha hajakubali."

*

Mkaguzi mkuu wa Mizani alikuwa mama wa Kibrazili wa makamo, Bi. Ferreira, mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi na mazoea ya kusikiliza huku akitazama dirishani. Ofisi yake ya muda ilielekea milima ya Uluguru, ambako seva za fainali zilikuwa zimefungwa ndani ya mwamba na kupoozwa kwa maji ya mto. Mwajabu alieleza yote kwa mpangilio. Hakuomba msamaha.

"Kila kanda niliyoikamata ikificha uwezo," alisema Bi. Ferreira, "ilikuwa na desturi. Mmoja aliniambia kwao ni mwiko kushinda siku ya Jumanne."

"Anayeficha uwezo huuficha pale anapopimwa," Mwajabu alijibu. "Kuuficha mahali pasipo na kipimo ni kazi bure. Sisi tunaachia raundi hata pasipo bangili, hata kwa mtu ambaye hatutamuona tena."

"Hilo ni rahisi kusema."

"Ni rahisi pia kuona. Dakika kumi kwa gari."

Bi. Ferreira aligeuka kutoka dirishani kwa mara ya kwanza.

Nyuma ya stendi ya Msamvu, kati ya muuza viatu na fundi wa simu, kulikuwa na kibanda cha gemu cha mtu aitwaye Mlinga. Mabati juu, feni moja, skrini sita na pedi za zamani zilizofungwa kwa utepe, ambazo hazikuwahi kupimwa na mtu yeyote. Mwajabu alijitanda khanga hadi kwenye nyusi, uso wake ukiwa kwenye mabango ya mji mzima, akabaki nje ubavuni mwa dirisha. Mkaguzi akaingia peke yake.

"Karibu, mama," ilisikika sauti ya Mlinga. "Umepotea au umekuja kucheza?"

"Kucheza," kilisema kifaa cha kutafsiri kwa sauti yake ya kinasa. "Sijui sana."

"Hakuna anayejua. Hawa wote wanabahatisha. Nyie, mpisheni mama akae kwenye feni. Shabani, ondoa mguu wako huo. Mama, shika hivi, hiki ndicho cha kutembea, hiki cha kupiga. Unacheza na huyu hapa, tunamwita Jenerali, lakini usimwogope."

"Jenerali wa nini?" akauliza mkaguzi.

"Wa kushindwa," mtu akadakia, na kibanda kizima kikacheka.

Raundi ikaanza. Kupitia tundu la dirisha Mwajabu aliona askari wa mkaguzi akitembea kinyumenyume, akagonga ukuta, akageuka, akapiga risasi hewani. Askari wa Jenerali alimsogelea, akasita, akatazama huku na huku kama aliyesahau funguo, kisha akajitumbukiza mtoni mwenyewe.

"Duh!" kikapiga kelele kibanda. "Jenerali kazama!"

"Mama ametisha!"

"Mlinga, mletee mama soda, huyu ni hatari!"

Bi. Ferreira aliinua mikono yote miwili bila kujijua. Alikuwa anacheka.

Raundi ya pili hakutoka mlangoni mwake. Alikufa, akafufuka, akafa tena, na mara ya tatu Jenerali alimngoja palepale, akamwacha apige hatua mbili za matumaini, ndipo akammaliza.

"Hee! Mbona sasa hivi...?" kifaa kikatafsiri malalamiko yake nusu.

"Sasa umekuwa mwenyeji, mama," alisema Mlinga. "Ugeni umekwisha."

Alipotoka, mkaguzi alikuwa na chupa ya soda mkononi na uso mwekundu. Walitembea hadi kwenye gari.

"Hawakunijua," alisema mkaguzi.

"Hapana."

"Walicheka, ila hawakunicheka mimi." Alifikiri. "Nimekagua Mizani miaka kumi na moja. Tuliifundisha kumtambua mtu anaposhindwa kwa uchovu, kwa hofu, kwa hongo. Hatukuifundisha hili, kwa sababu hakuna kati yetu aliyelijua." Akaweka soda chini. "Sitawafungia. Lakini sikiliza. Nikiziondoa raundi hizo, siwezi kuchagua jibu. Na Mizani haihesabu ushindi peke yake, inapima umeshinda kwa upana gani, kwa kasi gani. Itatoa itakachotoa, na hicho ndicho kitakachotumika Jumapili. Ukisha kutia sahihi, hurudi nyuma."

"Ndicho nilichokuja kuomba," alisema Mwajabu.

Alitia sahihi juu ya goti lake, garini.

*

Jumapili asubuhi Bi. Ferreira alikuja mwenyewe kwenye chumba cha wachezaji, kishikwambi kifuani. Obwaka alikuwa kwenye kona. Tangu Ijumaa alikuwa amesema na nahodha wake mambo ya kazi tu, na kwa ufupi.

"Afrika Mashariki na Asia Mashariki," alisoma mkaguzi. "Milisekunde sita."

Ndayizeye alishusha pumzi. "Kutoka ishirini na mbili hadi sita. Sawa. Si haba, bado tuna kitu."

"Hamjanielewa," alisema Bi. Ferreira. "Asia Mashariki itacheza huru. Sita ni za kwenu kubeba."

Katika historia yote ya Mizani, hakuna kanda ya kusini iliyowahi kubeba hata moja. Mwajabu aliomba kishikwambi. Alikisoma kuanzia juu hadi chini, kisha kuanzia chini hadi juu, kama afanyavyo mtu aliyesoma takwimu anapopewa jibu asilolitarajia. Alitafuta kosa. Hakuliona. Hesabu yake mwenyewe ilikuwa imehesabu raundi walizoshinda na walizoshindwa. Mizani ilikuwa imeona pia kwamba walipofungwa walifungwa kwa shida, na walipofunga walifunga mapema.

"Sema tena, mama," ilisikika sauti ya Obwaka kutoka kwenye kona.

"Milisekunde sita. Juu yenu."

Kocha aliinuka, akavua kofia, akatoka nje na kuufunga mlango nyuma yake. Wakajua amekasirika, na Mwajabu akajiandaa kwa maneno ambayo yalikuwa haki yake kuyasikia. Kisha kutoka kwenye ukumbi mwembamba wa nje wakasikia kicheko. Kilianza kidogo kama kikohozi, kikapanda, kikawa kicheko cha mtu mzima aliyeegemea ukuta ili asianguke.

Aliporudi macho yalikuwa yamemlowa.

"Sisi ndio wazito," alisema. "Ati sisi! Nikifa leo mniandikie hilo kaburini." Kisha akavaa kofia na kuwa kocha tena. "Haya, kaeni. Ninyi hamjawahi kucheza mmechelewa, hamjui ladha yake. Kwangu mimi hicho ndicho chakula nilicholelewa nacho. Mwenye kuchelewa hapigi alipo mtu. Anapiga pale mtu anapokwenda. Ndayi, acha kutazama adui, tazama mabega yake. Nahodha, ukiona ndipo uamue, umekwisha kufa. Amua kwanza. Kuona kutakukuta njiani."

Waliendelea hadi walipoitwa.

*

Ubao mkubwa ulining'inia juu ya jukwaa, na juu yake, kama desturi, namba ya Mizani iliwashwa kabla ya majina. Sita. Upande wa Afrika Mashariki, kwa rangi nyekundu ya mbebaji.

Kwa jinsi watu walivyozoea, wengi walidhani ubao umekosea. Mtangazaji alisoma mara ya kwanza kwa wasiwasi, mara ya pili kwa sauti ya mtu anayejisikia akisema. Ndipo kelele zikaanza kutoka jukwaa la juu, zikashuka ngazi kwa ngazi, vigelegele, mbinja, miguu ikipiga sakafu, na mama mmoja mwenye sauti ya mnada akapaza: "Waambieni leo mbeleko iko mgongoni kwetu! Njooni mpande!"

Ng'ambo ya jukwaa Baek Min-ho aliutazama ubao kwa muda mrefu. Kisha akaanza kufungua bandeji zake, taratibu, moja baada ya nyingine, akafunga mpya.

Raundi ya kwanza walifungwa, na hakuna aliyemwachia mtu kitu. Mwajabu aliamuru kidole, kidole kikatii, na ngome ikangoja. Kungoja kwenyewe kulikuwa kufupi kuliko kupepesa jicho, lakini ndani yake Baek alikuwa ameshapita. Mkono wake huru ulikuwa kitu cha kutisha. Miaka sita dunia ilikuwa imemwona kupitia tope, na sasa alikuwa amepanda ukingoni, mkavu, akikimbia.

Ya pili waliipata kwa hila. Waliwaacha wageni waingie ndani kabisa ya ngome, wakawafungia humo na kuwamaliza kwa zamu. Ya tatu walifungwa tena, vibaya. Ndayizeye alikosa mishale yote, na alipovua vifaa vyake alivitupa mezani.

"Siwezi, dada. Nikipiga, hayupo."

"Unapiga alipo."

"Najua napiga alipo! Nimezaliwa napiga alipo!"

Wazo lilimjia Mwajabu hapo, bila kualikwa: kama asingekwenda kwa mkaguzi, sasa hivi wangekuwa wanabeba kombe. Aliliacha wazo likae mahali pake. Lilikuwa kweli, na halikubadilisha kitu.

"Funga macho," alimwambia Ndayizeye. "Raundi nzima mimi nitakuwa macho yako. Nikisema sasa, piga ninaposema, usiniulize yuko wapi."

"Na ukikosea?"

"Nitakuwa nimekosea mimi. Wewe utakuwa umepiga vizuri."

Raundi ya nne Mwajabu hakupigana. Alizunguka kwenye kuta za juu, akisoma mabega na nyayo, akiamua kabla ya kuona, na kunong'ona: kisima, sasa. Ngazi ya pili, sasa. Mshale wa kwanza ulikwenda patupu. Wa pili ukakutana na mtu aliyekuwa anakuja. Wa tatu pia. Ukumbi haukuelewa kinachotokea. Uliona tu mishale inayotangulia na watu wanaoifuata kwenda kuifia. Mbili kwa mbili.

Ya tano ilikuwa ndefu kuliko zote. Walikwisha wote isipokuwa Baek kwa upande mmoja na Ndayizeye kwa upande mwingine, daraja likiwa katikati yao. Mwajabu alikuwa amekufa tayari, na sheria haimruhusu aliyekufa kusema. Akakaa na mikono juu ya mapaja, bangili zimezimwa, akitazama kama watazamaji wengine.

Baek aliruka kulia. Ndayizeye hakupiga. Baek aliruka kushoto, akainama, akaanza kuvuka kwa kasi ambayo mkono wenye sita usingeweza kuifuata. Na Ndayizeye, macho wazi, bila mtu wa kumnong'oneza, akaugeuza upinde mbali na adui yake, akalenga ubao wa daraja usio na mtu juu yake, na kuachia.

Baek alifika pale pamoja na mshale.

Kilichofuata Mwajabu alikikumbuka baadaye kwa vipande. Sauti ya ukumbi ilikuwa kama mabati kwenye mvua kubwa. Obwaka alikuwa amepiga magoti, kofia mdomoni. Ndayizeye alikuwa bado ameketi, akirudia neno moja kwa Kirundi na kisha kwa Kiswahili, kama anayelijaribu: wangu. Wangu. Ule ulikuwa wangu.

Baek alizunguka meza. Aliinama mbele ya Ndayizeye kwanza, kisha mbele ya Mwajabu.

"Pole, kaka," alisema Mwajabu.

"Usinipe pole. Miaka sita, kila nilipofungwa, nilikuwa na la kusingizia. Leo sina." Alitazama mikono yake, na uso wake ulikuwa na uchovu na kitu kingine kilichokaribia kuwa raha. "Nilikuwa nimesahau kwamba hata kwenye kombe naweza kuwa mwepesi hivi. Na bado mmenifunga."

Juu ya vichwa vyao ubao ulizimika, ukawaka upya. Mizani ilikuwa imekwisha kupima fainali. Sita ikafutika, na mahali pake, kwa wekundu uleule, ikaja tisa.

"Hee!" Ndayizeye aliruka kitini. "Tumeshinda halafu wanatuongezea?"

"Na mwakani wataongeza tena," alisema Obwaka, sauti imemkauka.

"Si haki hii, Kocha!"

"Lalamika, kijana, lalamika sana. Sisi tulikuwa tukiwasikia mabingwa wakilalamika hivyohivyo, tukitamani."

Kombe lililetwa. Wakapangwa safu, Mwajabu katikati, na mpiga picha wa Shirikisho akawafanyia ishara kwa mkono: wasogee kushoto hatua chache, kwa sababu ule ubao wenye namba ulikuwa unaingia nyuma yao na kuharibu picha.

"Msisogee," Mwajabu aliwaambia wenzake.